Mwenyekiti wa Alhamisi

Sauti yake ndiyo iliyotangulia kufika. Ukiwa katika nyumba yoyote ya kule bondeni, chini ya soko la Tawa, ulimsikia Mwenyekiti angali ng'ambo ya korongo: "Wenyewe wako?" Kisha anakohoa mara mbili, kikohozi cha kutengeneza, ili mzee aliyekuwa kifua wazi apate muda wa kutafuta shati. Sisi tuliokuwa nyuma yake, maji mgongoni na kamba kwenye paji la uso, tulisimama juani tukimngoja amalize kukohoa. Wakati mwingine shati lenyewe lilichukua muda mrefu kupatikana.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitaeleza. Sijui, na hata yeye akiulizwa alisema hiyo ni kazi ya karani wa chifu. Mimi nilimkuta tayari ni Mwenyekiti, miaka ya sabini ikianza, nilipoolewa Tawa nikitoka Kyuso. Mume wangu, fundi wa kujenga, alikuja kwetu kujenga madarasa mawili, akajenga moja na kurudi na mimi. Sijamaliza hata mwezi mmoja, mama mkwe akanikabidhi kamba ya kubebea maji na kuniambia, "Alhamisi utaenda na Mwenyekiti. Usijibizane naye."

Kikundi chenyewe hakikuwa na mambo mengi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, karibu wote wa kanisa, na kila Alhamisi tuliwaendea wazee waliobaki peke yao: wale ambao watoto wao walikuwa wamepotelea Mombasa au Nairobi, na wale ambao hawakuwa na mtu kabisa. Tulichota maji kwenye visima vya mchangani mtoni. Tulitwanga mahindi ya muthokoi, maana kutwanga ndiyo kazi ya kwanza kumshinda mzee, na bila kutwanga hakuna chakula. Tulileta kuni, tukaanika blanketi, tukaziba paa la nyasi. Afisa wa maendeleo alipokuja kutuandikisha aliuliza jina la kikundi. Mwenyekiti akamwambia aandike Alhamisi.

"Alhamisi ni siku, mama," afisa akasema.

"Na sisi tunaenda siku gani?"

Afisa akaandika. Baada ya hapo tuliitwa watu wa Alhamisi, na wako wazee waliohesabu wiki kwa kikohozi cha Mwenyekiti peke yake.

Wakamba tuna mwethya tangu zamani. Watu huungana, leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na unatoa jasho lako ukijua siku yako nayo inakuja. Kwa wazee wetu hesabu hiyo ilikuwa imeharibika, kwa sababu mtu wa miaka themanini hawezi kuja kulima kwako. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoweka sheria yake, na katika sheria hiyo hakuwa na mchezo. Ilisema hivi: hakuna kuondoka kwa mzee mikono mitupu. Ukishamfanyia kazi, lazima akupe kitu, na asipokupa, uombe.

Mimi niliijua sheria hiyo kwa kufinywa. Alhamisi yangu ya kwanza tulienda kwa mzee mmoja aliyekuwa amestaafu upishi kwenye reli. Nilifanya kazi kweli, nikitaka kuonekana. Nilifagia mpaka chini ya kitanda. Tulipokuwa tunaaga, mzee akaingia nyuma ya mlango, akatoka na yai moja, akaninyooshea. Nami, binti aliyelelewa vizuri, nikasema, "Hapana mzee, kula wewe mwenyewe."

Mwenyekiti alinifinya mkono juu ya kiwiko, pale penye nyama laini, na hakuniachilia mpaka tulipovuka boma.

"Ulikataa nini pale?"

"Yai, Mwaitu," nikasema. Mwaitu ni mama, na nilitumaini neno hilo lingempoza. "Mzee mwenyewe hana kitu."

"Hana kitu, nani alikwambia? Alikuwa na yai. Asubuhi yote alikuwa mtu ako na wageni, anangoja kuwapatia yai. Sasa wewe umemwacha pale maskini, na maji yake. Rudi uombe."

"Niombe?"

"Uombe. Na upokee na mikono mbili."

Nilirudi nikiwa na aibu ambayo sijaisahau. Mzee alikuwa ameketi palepale tulipomwacha, yai bado liko mkononi, anaangalia chini. Nikamwambia, "Mzee, nimerudia ile yai." Aliinua uso, akacheka, akalifuta yai kwenye shati lake mpaka likang'aa. Akaniuliza kama huko Kyuso hatufugi kuku. Nilipokea kwa mikono miwili, na aliniaga akiwa amesimama.

Jioni nilipolipasua juu ya sufuria, nyumba nzima ilihama. Yai lilikuwa limeoza, labda tangu mwaka uliotangulia. Jumapili nilimsubiri Mwenyekiti nje ya kanisa nikiwa na hamu ya kumweleza, nikiamini nimemshinda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema upokee," akaniambia. "Kupokea ndiyo ya mzee. Kula ni maneno yako."

Kuanzia siku hiyo akaniita "wa Kyuso" akiwa na furaha na "wa yai" akiwa na hasira, ingawa siku nyingine alichanganya.

Tulipokea vitu vya kila aina. Kutoka kwa susu mmoja, nyanya aliyekuwa haoni, nilipokea mkono wa kuanzia kiondo. Alishika vidole vyangu na kuvipitisha kwenye uzi wa mkonge mpaka vikajua vyenyewe, na viondo nilivyosuka baadaye vyote vinaanzia kwake. Kulikuwa na mzee mkali ambaye hakuwa na kitu ila matusi. Alitutukana kutoka tulipoingia mpaka tulipotoka, tena kwa ufundi. Mwenyekiti aliinama kidogo akasema, "Asante mzee, hii tutagawana njiani." Na njiani aligawa kweli, kila mmoja akapewa tusi lake. Mimi nilipata la kuwa na miguu ya ndege korongo, ambalo mume wangu analitumia mpaka leo.

Mwaka ule wa mahindi ya njano, njaa ilipotubana sote, nilidhani sheria ingepumzishwa. Tulienda kwa bibi mmoja ambaye vyungu vyake vitupu vilikuwa vimepinduliwa juu chini. Hakuwa na kuku, hakuwa na mbegu, hata nguvu ya kusimulia hakuwa nayo. Tulimwachia unga kidogo na maji. Mwenyekiti akasimama mlangoni akiuliza, "Susu, tunaenda na nini?" Nilimchukia sana dakika hiyo. Bibi akafikiri, akachukua kikombe, akakichovya kwenye maji tuliyoyaleta sisi, akampa kila mmoja wetu anywe. Tulikunywa kwa zamu, maji yetu wenyewe, na kila aliyekunywa alisema asante. Bibi alitusindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya miezi miwili. Nililia nikirudi, na chuki yangu ikaisha.

Msidhani basi kwamba nawasimulia habari za malaika. Mwenyekiti alikuwa mkali kupita kiasi, alipika muthokoi unaogonga meno, na kuimba kwake kulimfanya mwalimu wa kwaya amweke karibu na dirisha. Kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa alisimama kila mwaka kukemea ugoro, kwamba mwili ni hekalu na pua ni mlango wake. Alhamisi, chini kabisa ya kiondo chake, kulikuwa na kopo dogo la ugoro. Ukimuuliza alijibu kwamba ni dawa ya mafua.

Siku moja mchungaji wetu aliamua kufuatana nasi. Tulipofika kwa mzee mmoja, kabla ya salamu kuisha, mzee alinyoosha kiganja chake kama alivyozoea, na Mwenyekiti, kwa mazoea hayohayo, akatoa kopo na kukijaza. Ndipo akakumbuka aliyesimama nyuma yake. Sisi wengine tuliangalia milima.

"Mwenyekiti," mchungaji akasema polepole, "hiyo ni nini?"

"Mchungaji, huyu mzee amepita miaka themanini. Kama ugoro ilikuwa imuue, imechelewa sana."

Mchungaji akapiga chafya, maana upepo ulikuwa unamwelekea. Hata leo sijasikia kama jambo hilo lilifika kwa wazee wa kanisa.

Na kulikuwa na habari ya adui yake. Bibi mmoja wa jirani aliwahi kugombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, ugomvi wa zamani sana, hata mashahidi walikuwa wameshafariki. Bibi huyo alipozeeka na kuingia kwenye orodha yetu, tulitazamia Mwenyekiti atampa mtu mwingine nyumba ile. Akaichukua yeye mwenyewe, kila Alhamisi, miaka saba. Alimchana nywele na kumkata kucha, na muda wote huo walikuwa wakitupiana maneno kuhusu mpaka. Nilimuuliza kwa nini asituachie. "Nikiwapatia nyinyi," akasema, "atafikiri nimemsamehe." Siku bibi yule alipozikwa, Mwenyekiti ndiye aliyelia zaidi kuliko watoto wa marehemu. Wiki mbili baadaye alikuwa bado anatueleza mti wa mpaka ulipaswa kuwa wapi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi Tawa ni cha blanketi. Watu wa shirika moja kutoka Nairobi walikuja na Landrova iliyojaa blanketi, wakataka wazee wapangwe mstari kwenye uwanja wa kanisa, wapokee wakipigwa picha. Mwenyekiti alikubali upesi mno, nasi tukajua kuna jambo. Asubuhi ya siku hiyo wazee walifika, kila mmoja na mzigo wake. Kiongozi wa wageni, kijana mwenye suti na miwani, alimpa mzee wa kwanza blanketi. Mzee akampa jogoo.

"Aa, mzee, hapana, hii ni msaada," kijana akasema, jogoo akimpigapiga mabawa kwenye tai. "Hatuchukui kitu."

Mwenyekiti akasogea. "Mheshimiwa, shika kuku yako."

"Lakini mama, sisi haturuhusiwi."

"Na sisi haturuhusiwi kupokea kwa mtu anakataa kitu yetu. Wazee, rudisheni blanketi."

Mzee akaanza kulikunja lile blanketi. Kijana aliangalia Landrova, akamwangalia dereva wake, ambaye alikuwa amegeuka kando akicheka, kisha akamkumbatia jogoo. Aliondoka Tawa na kuku wanne, ndengu za kumtosha mwaka, vibuyu, kigoda cha miguu mitatu, na maneno ya baraka kutoka kwa wazee wasiokuwa na kitu kingine. Picha zilipigwa, na baadaye tulitumiwa moja. Ndani yake huwezi kujua ni nani anayesaidia na ni nani anayesaidiwa. Mwenyekiti aliitundika sebuleni kwake, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi.

Miaka ya tisini ilipoingia, macho yake yalianza kufanya ukungu na nyonga ikakataa mlima. Sasa mimi ndiye niliyetembea mbele Alhamisi, ingawa cheo hakuna aliyethubutu kukigusa. Nilipomwambia kwa upole kwamba tungependa kupita na kwake, alinifukuza. "Mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hawezi kuwa kwa orodha." Tulimpelekea maji kwa hila, tukijidai tumechoka na tunataka kuyaacha pale kidogo. Aliyamwaga kwenye miche yake.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyelima vitunguu kando ya mto kule Kibwezi na kuviuza kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa mtu mwema, hilo nataka lijulikane. Mwezi mmoja alikuja ghafla, akamkuta mama yake moto umezimika, ameketi mbele ya kinu chenye mahindi nusu, amejaribu kutwanga mwenyewe akashindwa. Alikuja mpaka nyumbani kwangu akiwa ameshika kofia.

"Nitarudi na pikapu Alhamisi ya mwisho wa mwezi," akaniambia. "Nikikuta anakula na anaangaliwa, nitamwacha. Nikikuta vile nimemkuta leo, naenda na yeye."

Mwenyekiti hakutaka Kibwezi. "Huko nitawekwa kwa kiti niangalie malori," alisema, "na hata malori siyaoni." Kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo tu, akakubali tuje.

Alhamisi hiyo hatukugawana nyumba. Tulienda kwake sote, na katika maisha yangu sijaona kazi kama ile. Tulijaza kila chombo, tulipanga kuni mpaka dirishani, tulikandika ukuta, tukafua hata vitambaa vya viti. Tulimpikia ndengu na chapati. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake uani, na kila alipotaka kuinuka mmoja wetu alimrudisha: "Kaa, Mwaitu, kaa tu upumzike." Tulimpenda mno siku hiyo. Pikapu ilikuwa tayari imefika, na mwanawe alikuwa ameketi kwenye bodi akitutazama, sanduku la mama yake likiwa nyuma yake, limefungwa kamba.

Tuliweka sahani mapajani mwake. Hakuigusa. Tulimbembeleza, tukakiombea chakula mara mbili, lakini mikono yake ilibaki palepale. Ndengu zikapoa. Mwanawe akashuka.

"Mmeona wenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni, si ushindi. "Hata chakula yenu hakuli. Mimi nimewashukuru sana. Wacha nimpeleke."

Tulisimama pale kumi na wawili, tumechafuka, tumeshindwa. Nilimtazama yule mwanamke aliyenitetemesha miaka ishirini, ameketi ameinamisha uso, mikono mapajani. Nikamkumbuka mzee wa reli na yai lake, alivyokuwa ameketi vilevile. Damu ilinipanda usoni kwa aibu. Tangu asubuhi tulikuwa tumempa kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyemwomba chochote. Katika miaka yote ya Alhamisi hatukuwahi kusahau sheria ile, na tulikuja kuisahau kwa mwenye sheria.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Mwenyekiti, sisi tunaenda. Tunaenda na nini?"

Uso ukainuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Wa Kyuso."

"Wa yai," akanirekebisha. "Nimengoja hiyo neno tangu asubuhi. Nikasema hawa wamekuja kunizika, na bado nasikia."

Akasimama, na safari hii hakuna aliyemrudisha. Aliingia ndani akipapasa ukuta, akaanza kutoa. Mmoja alipewa mbegu za kibuyu zilizofungwa kwenye kitambaa. Mwingine akapewa mchi wa kinu: "Hii imenichosha mimi, sasa ichoke na wewe." Mwanamke mdogo kuliko wote, aliyejiunga nasi mwaka huo, alifundishwa kukohoa, palepale uani, mara tatu, mpaka alipopatia. Tulikuwa tumeanza kucheka. Mimi nilipewa kopo la dawa ya mafua, mbele ya watu, na wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Nilipokea kwa mikono miwili.

"Na huyu mgeni wa Kibwezi, anaenda bure?"

Alifika kwenye karai kuukuu nyuma ya mlango, akamsukuma kuku wake mmoja aliyebaki, akatoka na yai. Akalifuta kwenye leso, akamnyooshea mwanawe, ingawa alilinyoosha kidogo upande wa kushoto.

"Mwaitu," yule mtu akasema, na macho yalikuwa yamemjaa, "hiyo kula wewe mwenyewe. Mimi huko niko na..."

Nilimfinya. Juu ya kiwiko, pale penye nyama laini, mtu mzima mwenye pikapu na vibarua. Alinigeukia akidhani nimerukwa na akili.

"Pokea," nikamwambia. "Mikono mbili."

Alipokea. Mama yake akarudi kwenye kigoda, akaomba kijiko, akala zile ndengu baridi mpaka sahani ikaisha, akilalamika kwamba hazina chumvi na kwamba sisi hatujui kupika. Mwanawe alisimama akimtazama akila. Alipomaliza, aliifungua ile kamba, akalirudisha sanduku ndani ya nyumba. Mwenyekiti alikaa pale kwake Alhamisi nyingi baada ya hiyo, na kila moja tuliondoka na kitu.

Pikapu ilipoondoka, nilimwona kupitia kwenye kioo, anaendesha kwa mkono mmoja, yai ameliweka kwenye leso juu ya paja, analishikilia lisibingirike. Kama lilikuwa zima au bovu, sikumuuliza. Hayo ni maneno yake.